Kompyuta Iliyochemka Nkoaranga

Jumanne saa nne asubuhi kompyuta yangu ilizimika kwa mara ya tano. Ukungu ulikuwa bado umekalia migomba, mama alikuwa na sweta mbili mwilini, na baba alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa viganja viwili, hanywi, anajipasha tu. Ilikuwa Julai, na Julai ya Nkoaranga haina mzaha. Katika baridi hiyo, mashine niliyoiunda kwa mikono yangu ilikuwa inakufa kwa joto.

Kabla skrini haijawa nyeusi, programu ya kupimia ilikuwa imeandika nyuzi tisini na nane. Nikafungua ubavu wa kasha, nikagusa mabati membamba yaliyo chini ya feni, yale yanayopaswa kunyonya joto la prosesa, ubongo wa mashine, ili feni ilipulize nje. Yalikuwa baridi. Hata vuguvugu hayakuwa. Baridi, kama sufuria iliyolala nje.

"Ina malaria hiyo," baba alisema kutoka kwenye kochi lake. "Ndani inaungua, nje inatetemeka. Ipe dawa ilale."

"Baba, siyo wakati wa utani."

"Nani anatania? Nimeuguza watoto wanne mimi."

Nilikuwa nimeshaamua nani wa kulaumiwa: yule muuzaji wa Elerai aliyeniuzia vifaa. Mabati yakiwa baridi na kipimo kinasema tisini na nane, basi kuna kitu kinadanganya, na kitu kinachodanganya kimeuzwa na mtu anayedanganya. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga, na niliiona safi kabisa.

Nilikuwa na mpaka Ijumaa saa sita mchana.

Nimesomea usanifu majengo. Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani, na kwa miaka miwili nikawa nachorea watu ramani za nyumba za vyumba vitatu. Wakishazipata wanampa fundi, naye anazikunja, anazitia mfuko wa nyuma na kujenga anavyojua yeye. Kisha ofisi moja ndogo ya wasanifu huko Sekei ikaniita. Mwenye ofisi ni mama wa makamo anayening'iniza miwani kifuani kwa mnyororo. Hakuniuliza nina vyeti gani.

"Mteja wangu anajenga loji," alisema. "Ramani hajui kusoma. Anataka atembee ndani ya jengo kwenye skrini kabla halijajengwa. Nipe dakika tatu. Ijumaa ya wiki ijayo saa sita anakuja yeye mwenyewe. Zikipendeza, meza ile ya dirishani ni yako."

Niliitazama meza ile. Haikuwa na mtu. Dirisha lake linautazama mlima.

Upande wa pili alikuwepo baba. Baba ni mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa mwenzake ana duka la vifaa vya ujenzi Usa River. Walikuwa wameshaongea. "Ukipata hiyo ya Sekei, nitamwambia," baba alisema. "Usipopata, Jumatatu saa mbili uko dukani. Nimeshatoa neno." Mimi sikuulizwa. Kwa baba, neno lililotolewa kwa mzee mwenzake baada ya ibada ni kama msumari uliokwisha gongwa. Kwa hiyo ilikuwa ama meza ya dirishani, ama kupima misumari kwa kilo, na miaka yangu mitano ya chuo ingening'inia ukutani karibu na kalenda ya dayosisi.

Laptopu yangu ya chuo isingeweza kazi ile. Kurenda, ndivyo tunavyoita kazi ya kompyuta kukokotoa mwanga na kivuli cha kila picha, moja baada ya nyingine, mpaka ziwe filamu, kunaichosha mashine kuliko mchezo wowote wa watoto. Nilijaribu sekunde mbili tu za loji ile. Laptopu ikazima, na plastiki ya chini yake ikapinda. Ndipo nilipochukua akiba yangu yote nikaenda Elerai, kwenye duka la kompyuta lililoko ghorofani juu ya saluni.

Muuzaji alikuwa kijana wa rika langu, mwembamba, mwenye pete ya fedha kwenye dole gumba. Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu.

"Karibu dada. Tunatafuta ipi? Ya kuchapia?"

"Nataka vifaa. Naunda ya kurenda."

"Ooh. Sasa kaka yuko wapi, aje tuelewane?"

"Kaka yangu anafuga kuku. Ongea na mimi."

Hasira yangu na mtu yule ilianzia hapo, na sikuiacha ipoe. Nilitoa orodha yangu. Programu ninayotumia inafanya kazi yake yote kwenye prosesa, kwa hiyo nilikuwa nimeamua kuweka nguvu huko, kadi ya picha iwe ya kawaida, ramu iwe giga thelathini na mbili, na mazabodi, ule ubao mkubwa ambao kila kitu hupachikwa juu yake, uwe na nafasi ya kuongeza baadaye. Kila alichokitoa nilikikagua. Nilisoma namba za boksi na kuzilinganisha na namba za kifaa. Pawasaplai, kile kisanduku cha kuipa mashine umeme, niliipima uzito kwa mkono, kwa sababu za bandia huwa nyepesi, ndani zina hewa na ahadi tu.

"Sista, unaipima kama parachichi," alisema. Wateja wawili kwenye benchi wakacheka.

"Parachichi bovu unalitupa. Hii ikiwa mbovu inachoma nyumba."

"Haya, pima."

Tukafika kwenye kupooza. Nilikuwa nimekwenda nikitaka kipoozeo cha maji, kile chenye mirija miwili na rejeta kama ya gari, kwa sababu nilikuwa nimeona picha zake na nilidhani kazi nzito inataka kitu kizito. Yeye akanisukumia boksi la feni, kubwa kama mkate wa familia.

"Chukua hii. Achana na maji."

"Kwa nini?"

"Ya maji, pampu ikifa umekufa na wewe. Hapa mjini nani atakutengenezea? Feni ikifa unanunua feni, unafunga, unaendelea na maisha."

"Au kwa sababu ya maji huna?"

"Ninazo mbili. Zile pale juu."

"Basi hii imekaa sana, haiuziki."

Akaweka viwiko mezani. "Dada, wewe ulisomea upelelezi?"

Nilisimama pembeni nikasoma kwenye simu kwa muda mrefu. Watu wa dunia nzima walikuwa wanabishana, nusu wanasema alichosema yeye. Nilichukua feni, na niliudhika kukubaliana naye. Hakuna kinachoniudhi kama mtu nisiyemwamini kusema jambo la kweli.

"Tunakufungia hapa hapa," alisema. "Bure. Nusu saa umeondoka nayo inawaka."

"Hapana."

"Watu wanajifungia nyumbani, kesho yake wanarudi hapa wanalia."

"Mkinifungia nyinyi nitajuaje hamjabadilisha ramu?"

Uso wake ukabadilika. Utani ukaondoka. "Si utakaa hapo uangalie?"

"Nitafunga mwenyewe. Najua kusoma."

Akavitia vifaa kwenye mifuko, akaifunga.

Hapa lazima niielezee sebule yetu. Makochi ya kwetu yalinunuliwa nikiwa darasa la sita, na mpaka leo yamevaa nailoni ya dukani. Ukikaa na sketi yanakushika mapaja, ukisimama yanapiga kelele kana kwamba umeyachana. Rimoti ya televisheni haijawahi kutoka kwenye mfuko wake. Tunabonyeza vitufe kupitia nailoni ambayo zamani ilikuwa angavu na sasa ina rangi ya chai ya rangi. Friji ina nailoni mlangoni. Saa ya ukutani ina nailoni, na dakika zake zinaonekana kama ziko ndani ya maji. Chuoni niliwasimulia wenzangu, wakacheka sana, kisha mmoja baada ya mwingine akakiri kwamba na kwao ni hivyo hivyo.

Nilifunga kompyuta siku ya Jumamosi juu ya meza ya sebuleni, mchana, madirisha wazi. Kila kitu kilichotoka kwenye boksi kilikuwa na nailoni yake, na mama alisimama pembeni akizipokea, anazinyoosha, anazikunja nne, anaziweka kwenye kapu. Alikuwa mtulivu mpaka nilipofika kwenye kioo cha ubavuni mwa kasha.

"Hicho usikibandue," alisema. "Kitachubuka."

"Mama, kioo ni cha kuonea ndani."

"Kwani ndani kuna nini cha kuona?"

"Na nailoni inazuia joto kutoka."

"Joto gani na baridi hii? Kiache. Kikae kipya."

"Kipya mpaka lini?" Nilikuwa nimechoka na swali hilo tangu utotoni. "Mpaka lini, mama? Tunanunua kitu, tunakaa nacho miaka kumi na tano bila kukigusa, kikifa tunakizika kipya. Hayo makochi umeyakalia lini? Umekalia nailoni!"

Mama hakupandisha sauti. "Kibandue basi. Kikichubuka usije kunililia."

Nilikibandua mbele yake polepole, kwa makusudi, nikihakikisha anasikia mlio wote toka kona hadi kona. Kisha, nikiwa bado nahema, bado nampangia majibu mengine kichwani, nikatoa feni kwenye boksi lake, nikaminya tone la pesti ya kupitisha joto katikati ya prosesa, nikaikalisha feni juu yake na kukaza skrubu nne kwa mpishano, kama maelekezo yanavyosema. Kompyuta iliwaka mara ya kwanza nilipobonyeza. Mama akasema, "Aisee," akachukua kapu lake akaenda jikoni. Nilijiona nimeshinda kesi.

Jumapili kwetu hakuna kazi. Nilikaa kanisani nikisikiliza mahubiri juu ya subira, nami sikuwa nayo hata chembe.

Jumatatu asubuhi nikaanza kurenda. Dakika nane, ikazima. Nikawasha tena, dakika sita. Nilifanya kila ambacho mtu aliyesoma angefanya. Nilitoa kioo cha ubavuni. Niliisogeza dirishani, upepo wa mlimani ukaipiga moja kwa moja. Niliazima feni ya mezani ya jirani nikaielekeza ndani ya kasha, na baba akavuta shuka mabegani akasema sasa tutakufa sisi, mashine ipone. Nilisafisha vumbi ambalo halikuwepo. Nilisoma kwamba hewa ya miinuko ni nyepesi na haipoozi kama ya Dar, nikalaumu mlima. Nilisoma kwamba umeme ukicheza pawasaplai inachanganyikiwa, nikalaumu umeme. Niliandika kila jaribio kwenye daftari, saa na nyuzi, kama nilivyofundishwa. Kila jaribio liliishia tisini na kitu, giza.

Na kila mara mabati yalikuwa baridi. Niliyagusa pengine mara thelathini katika siku tatu zile. Niliandika kwenye daftari, "mabati: baridi," nikapigia mstari, na chini yake nikaandika hitimisho langu: prosesa ni ya mtumba, imechezewa, kipimo chake kimeharibika. Jambo moja tu sikujiuliza katika daftari lile lote: mimi mwenyewe nimefanya nini.

Alhamisi asubuhi nilipanda bodaboda nimelikumbatia kasha ndani ya kanga ya mama. Tulipokatiza njia ya hospitali, mama mmoja aliyekuwa anapanda na chupa ya uji akaniambia, "Pole mwanangu, ni mtoto?" Nikasema asante. Sikuwa na nguvu ya kueleza.

Nilipanda zile ngazi za juu ya saluni nikiwa nimejiandaa njia nzima. Kulikuwa na wateja watatu. Nililiweka kasha juu ya kaunta kwa kishindo.

"Umeniuzia prosesa ya mtumba."

Muuzaji aliinua macho kutoka kwenye simu. "Shwari, dada?"

"Siyo shwari. Inafika nyuzi tisini na nane inazima, kwenye baridi ya Nkoaranga, na mabati hayana joto. Mmenichakachulia. Ninyi ni wezi, na mlivyoona mwanamke mkajua hatajua."

Nilisema kwa sauti ya kusikika saluni. Mteja mmoja akarudisha kipanya alichokuwa amekishika, taratibu, akatoka. Mwingine akamfuata. Aliyebaki ni baba mmoja mwenye kofia ya sufu, akakaa vizuri kwenye benchi kama mtu aliyelipia kiingilio.

Muuzaji alivuta droo, akatoa bisibisi, akafungua kioo cha ubavuni, akagusa mabati kama mimi nilivyoyagusa mara thelathini. Ila yeye aliyagusa mara moja, akaguna. Akalegeza skrubu nne. Akaizungusha feni kidogo kushoto na kulia, ikaachia. Akaigeuza juu chini, akaisogeza mbele ya macho yangu.

Pale chini, mahali ambapo shaba inapaswa kugusana na prosesa, palikuwa na nailoni. Nyembamba, safi, yenye maandishi mekundu ya kuonya na kimkia cha kuvutia kilichokuwa kimejikunja pembeni. Pesti yangu ilikuwa imesambaa vizuri sana juu yake. Prosesa ilikuwa imeungua siku tatu chini ya shuka la plastiki, na joto lake halikuwahi kufika kwenye mabati.

Akaibandua. Ule mlio. Nilikuwa nimeusikia maisha yangu yote na sijawahi kuuchukia kama siku ile.

"Hii uliiacha ya nini, dada?" aliuliza. "Isichubuke?"

Baba wa kofia akacheka mpaka akakohoa. "Mwache," alisema. "Mke wangu ana jiko la gesi, mwaka wa nne huu, plati ya juu haijaona hewa."

Nilitaka kusema kitu. Kitu chochote. Kwamba maandishi yalikuwa madogo, kwamba watengenezaji hawana akili, kwamba niligombana na mama. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililofaa. Mimi niliyepima pawasaplai kama parachichi, niliyelinganisha namba za maboksi, nilikuwa nimeishika ile feni mkononi, nimeitazama, na macho yangu hayakuona nailoni kwa sababu yamekulia katika nyumba ambayo nailoni ni ngozi ya kitu.

"Samahani," nilisema.

"Sikusikia."

"Nimesema samahani."

"Wizi wangu ulivyoutaja walisikia mpaka chini kwenye madrayeri." Hakuwa anacheka tena. Pete yake ilikuwa inagonga kaunta, polepole. "Watu wawili wameondoka hapa wanajua mimi ni mwizi. Nitawapata wapi? Samahani yako iseme kwa sauti ileile."

Nilimchukia. Nilimchukia kwa sababu alikuwa na haki, na kwa sababu bado nakumbuka alivyotazama nyuma yangu kumtafuta kaka. Hilo nalo lilikuwa kweli, na halikufutwa na kosa langu. Lakini nilisema. Nilisema kwa sauti ileile, kwamba nimekosea, kwamba vifaa vyake ni vizuri, kwamba nimeacha nailoni. Saluni kule chini mtu akapiga makofi.

Alifuta pesti ya zamani kwa kitambaa, akaweka mpya, akaikaza feni, akawasha. Nyuzi thelathini na nne. "Nenda," alisema. "Si ulisema una kazi?"

Saa tisa alasiri ilikuwa juu ya meza ya sebuleni, inarenda, nyuzi sitini na mbili, haitikisiki. Nilikaa mbele yake nikapiga hesabu. Dakika moja ya filamu ilikuwa inataka saa kumi na sita. Mpaka Ijumaa saa nne, wakati wa kuondoka kwenda Sekei, nilikuwa na saa kumi na tisa. Siku tatu ambazo zingenipa dakika tatu zote nilikuwa nimezitumia kumkasirikia mtu wa Elerai.

Nilisimama, na kochi likanilia nyuma yangu. Sijui mkono ulifikaje. Niliishika nailoni ya kochi kwenye mshono nikaivuta, ikachanika toka mkononi mwa kochi mpaka mgongoni, na chini yake kikatokea kitambaa chekundu chenye maua ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa. Chekundu kama siku kilipotoka dukani.

Mama alisimama mlangoni akiwa na mwiko.

"Endelea," alisema. "Maliza na lile la baba yako."

"Mama, hii nailoni imeniharibia kazi."

"Nailoni ya kochi langu?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kwenye kochi nililolichana, ukingoni, kama mgeni. Akapitisha kiganja juu ya yale maua.

"Haya niliyanunua kwa kahawa ya msimu mmoja ule mzuri," alisema. "Mwingine kama ule sijauona. Wewe unafikiri nayatunzia wageni? Nilikuwa naogopa yakichakaa sitanunua tena. Na kweli sikununua." Akasimama. "Lakini kwenye mashine yako sikukuwekea mimi. Usinitafute."

Akarudi jikoni. Nikarudi mbele ya mashine, hasira imeniongezeka.

Ijumaa saa sita mchana niliweka kwenye skrini ya ofisi ya Sekei dakika moja na sekunde kumi. Mteja, mzee mmoja mwenye koti la suti na viatu vya shambani, alisogeza kiti karibu. Aliingia kwenye loji yake. Alipita mapokezi, akaona mwanga wa jioni ukipita kwenye nguzo za mawe nilizozichora jiwe kwa jiwe, akasema "Eee." Akafika kwenye ngazi. Picha ikakatika.

"Juu kuna nini?" aliuliza.

"Vyumba, mzee."

"Sivioni."

Nikamwonyesha ramani. Aliitazama kama watu wanavyotazama ramani, kwa heshima, bila kuona kitu. Akamwambia mwenye ofisi atarudi na mkewe wakati mwingine, akaaga.

Mama yule wa Sekei alivaa miwani yake. "Ulikuwa na zaidi ya wiki."

Nilimwambia ukweli. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri kuhusu umeme, lakini nikaona kama nitamsingizia mwingine tena nitajichukia mpaka uzeeni.

"Nailoni," alisema.

"Ndiyo, mama."

Hakucheka. Ningependa angecheka. "Nguzo zako ni nzuri. Nimezipenda. Lakini anayekaa meza ile ndiye anayekagua kazi za wenzake kabla hazijatoka nje ya mlango. Unanielewa?"

Nilimwelewa vizuri kabisa. Nilitoka nje nikiwa natafuta kosa katika maneno yake, njia nzima mpaka stendi, na sikulipata.

Jumatatu saa mbili nilikuwa Usa River. Baba alinipa tu mwavuli. Mwenye duka alinipa koti la bluu na kunionyesha misumari, mabomba, koki, vitasa, masinki. Kila kitu kimevaa nailoni. Nilistahimili mpaka Jumatano. Jumatano, duka likiwa tupu, nilichukua koki moja ya kuonyeshea wateja, nikaibandua yote, nikaifuta kwa koti langu mpaka ikang'aa, nikaiweka mbele kabisa ya kaunta.

Akaja fundi mmoja mzee, mikono yake imepauka kwa saruji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nipe koki ya nusu inchi."

Nikampa ile. Aliigeuza, akaigeuza tena, akairudisha juu ya kaunta kwa kidole kimoja.

"Hii imetumika."

"Haijatumika, mzee. Ni mpya. Nimeibandua nailoni mimi mwenyewe, hapa hapa, leo."

"Sawa, binti," alisema, bila ubaya wowote. "Sasa mimi nitajuaje?"

Lilikuwa swali langu mwenyewe, nililomtupia yule kijana wa Elerai kuhusu ramu. Nilimtazama mzee, nikatazama koki, nikahisi hasira ikinipanda tena toka miguuni, na safari hii sikujua niielekeze kwa nani. Nikavuta ngazi, nikapanda mpaka rafu ya juu, nikamshushia yenye nailoni.